Kumtegemea Mungu Kila Siku: Neno Lake Si Hirizi

Masomo ya kutafakari: 1 Samweli 4:1-11, Zaburi 91, Mathayo 4:1-11, Mathayo 7:24-27



Hakuna Mkristo kati yetu asiyesema kwamba anamtegemea Mungu. Tunalisema neno hilo tunapoagana njiani, tunapoingia mtumbwini kuvuka Lualaba, tunapomwaga mbegu za mpunga shambani na kungoja mvua. Limekuwa jepesi midomoni mwetu, na jambo jepesi mdomoni hustahili kupimwa mara kwa mara. Mtu anayesema kwamba anamtegemea Mungu hufanya nini siku hiyo kwa mikono yake, kwa fedha yake na kwa hofu yake? Na Maandiko Matakatifu humsaidia kwa njia gani?

Sisi tunaowaandikia tumefundisha dini kwa miaka mingi katika vijiji vya Kasongo na Kabambare, na kabla ya hapo tulisomea kazi ya ualimu. Mwalimu hujifunza mapema kuyasikiliza maswali ya wanafunzi, maana humwonyesha mahali moyo wao ulipo. Kuna swali moja ambalo vijana wametuletea mara nyingi. Hawaliulizi mbele ya wenzao. Hungoja mafundisho yaishe na watu waondoke, ndipo husogea na kusema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, zaburi ipi ina nguvu?"

Nguvu ya kufanya nini? Mmoja anakwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Kabambare, upande wa Namoya na Salamabila, naye anataka kuandika zaburi katika karatasi, aikunje, aishone ndani ya nguo yake kabla ya kushuka shimoni. Mwingine anasukuma baiskeli yenye mzigo wa mafuta ya mawese katika njia ambayo watu wenye silaha huvizia wafanyabiashara. Mwingine anangoja mtihani wa taifa. Mama kijana ana mtoto mwenye homa, anataka mistari ya kusoma juu ya maji atakayomwogeshea. Karibu wote, kabla hatujajibu, wana jibu lao tayari: Zaburi ya 91, ile inayosema juu ya kukaa chini ya ulinzi wa Aliye Juu.

Hatuwacheki, na ninyi msiwacheke. Anayeuliza hivyo ana hofu ya kweli, na nchi yetu imempa sababu za kuogopa. Tena hamu ya kupata kitu cha kuvaa ili mabaya yapite kando haikuanza leo. Wazee wetu walijua hirizi za kila namna, zilizofungwa mkononi, kiunoni na shingoni. Kusini mwa Tanganyika, kati ya mwaka 1905 na 1907, watu waliodhulumiwa na utawala wa Wajerumani walinyunyiziwa maji, wakiamini kwamba risasi zingegeuka kuwa maji. Mwaka 1964, Wasimba walipopita katika Maniema yetu, walikuwa na maji yao na miiko yao. Vikundi vya Mai-Mai vya siku zetu vimebeba imani hiyo hata katika jina lao. Vijana wengi wamekwenda mbele ya bunduki wakiwa wamelowa maji, na mama zao wanajua mwisho wake. Wala tusiwanyoshee kidole jirani zetu Waislamu kana kwamba jambo hili ni lao, maana walimu wao wengi hulikataza. Hamu hiyo imo pia ndani ya Wakristo, nasi tunapaswa kuitazama nyumbani kwetu.

Shetani alipoisoma Zaburi ya 91

Fungueni Injili ya Mathayo, sura ya nne. Yesu amefunga siku arobaini, naye ana njaa. Shetani anampandisha juu ya mnara wa Hekalu na kumwambia ajitupe chini. Ili kumshawishi, anamsomea Maandiko. Anasoma nini? Anasoma Zaburi ya 91, sehemu inayosema juu ya malaika wanaotumwa kumlinda mtu asijikwae. Tunaomba mlisikie jambo hili vizuri: zaburi ambayo vijana wetu huishona katika nguo ndiyo iliyotumika jangwani kumjaribu Bwana wetu. Zaburi ile ni takatifu, na Kanisa linaisali hata leo katika sala ya usiku. Kosa lilikuwa katika namna ya kuitumia. Shetani alitaka ahadi ya Mungu iwe kamba ya kumfunga Mungu: jitupe, naye atalazimika kukudaka.

Yesu alimjibu kwa Maandiko pia, kutoka Kumbukumbu la Torati, kwamba haifai kumjaribu Bwana Mungu. Majibu yake yote matatu siku ile yanatoka katika kitabu hicho. Alikuwa na njaa, hakuwa na kitabu mkononi, lakini Neno lilikuwa ndani yake kiasi kwamba alijua lini ahadi inasomwa kwa haki na lini inasomwa kwa hila. Hilo ndilo tunalolitamani kwenu.

Kuna mfano mwingine katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya nne. Waisraeli wanapigana na Wafilisti na kupoteza watu wapatao elfu nne. Wazee wanashauriana, wanaamua kulichukua Sanduku la Agano kutoka Shilo ili liende nao vitani na kuwaokoa. Sanduku linapofika kambini, watu wanapiga kelele za furaha hata nchi inatikisika. Siku hiyo wanaanguka askari elfu thelathini, na Sanduku lenyewe linatekwa. Waliolisindikiza ni Hofni na Finehasi, wana wa Eli, makuhani waliokuwa wakinyang'anya sadaka za watu. Ndani ya Sanduku zilikuwamo Amri za Mungu. Walilibeba mabegani, na yaliyoandikwa ndani yake walikuwa wameyakanyaga kwa muda mrefu.

Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2111, inafundisha kwamba mtu akidhani sala au ishara takatifu zinafanya kazi kwa tendo la nje tu, bila moyo unaozielekea, huyo ameangukia ushirikina. Maji ya baraka, rozari na skapulari ni vitu vyema ambavyo Mama Kanisa ametupa. Vinatukumbusha sisi ni nani na vinatuandaa kupokea neema. Mtu akivivaa kama hirizi, amevigeuza kuwa kitu kingine.

Skapulari ya Bakanja

Mwenyeheri Isidori Bakanja alikuwa kijana wa Equateur, mlei kama ninyi na sisi, aliyefanya kazi za mikono. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906. Baadaye alifanya kazi katika shamba la mpira ambako hapakuwa na padri, naye aliwafundisha wenzake sala na kuvaa skapulari yake wazi. Msimamizi wa shamba, aliyewachukia wamisionari, alimwamuru aivue. Alikataa. Alichapwa kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, viboko zaidi ya mia, mgongo wake ukawa kidonda kilichooza kwa miezi. Alifariki tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyempiga na kuahidi kumwombea. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994.

Tuulizane kwa ujasiri: je, skapulari ile ilizuia mjeledi? Haikuzuia. Kama ingekuwa hirizi, tungesema ilishindwa kazi. Lakini kijana yule hakuivaa ili asipigwe. Aliivaa kwa sababu alikuwa wa Kristo, na hofu ya mjeledi haikumfanya awe wa mwingine. Chuki nayo ilimkosa, hata alipokuwa amelala kifudifudi kwa maumivu. Huo ni ulinzi ambao karatasi iliyoshonwa katika nguo haiwezi kuutoa.

Jirani zaidi na sisi, huko Fizi, wilaya inayopakana na Kabambare upande wa mashariki, Abbé Albert Joubert na Padri Giovanni Didonè waliuawa tarehe 28 Novemba 1964. Siku hiyohiyo, huko Baraka, waliuawa Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin. Wote wanne walitangazwa Wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Naye Floribert Bwana Chui wa Goma, kijana aliyesoma sheria na kufanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani, alikataa rushwa ya kuruhusu chakula kilichoharibika kiuzwe kwa watu. Aliuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26, na alitangazwa Mwenyeheri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Hawa walisali kuliko sisi. Hatuwezi kusema kwamba walikosa zaburi yenye nguvu.

Mvua inanyesha juu ya nyumba zote mbili

Basi, mtaturudishia swali: kama Neno halizuii mabaya yasitufikie, linafaa nini? Bwana mwenyewe anajibu katika Mathayo sura ya saba. Mtu mmoja alijenga juu ya mwamba, mwingine juu ya mchanga. Tazameni kwamba mvua, mafuriko na pepo zinazipiga nyumba zote mbili. Yesu hakusema kwamba mwenye mwamba hapati mvua. Na tofauti ya wajenzi hao haiko katika kusikia, kwa maana wote wawili wamelisikia Neno. Mmoja analifanya, mwingine halifanyi.

Yule kijana wa machimbo alipotuomba zaburi, tuliketi naye tukaisoma Zaburi ya 91 yote, tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Tulimwomba atafute mahali Mungu mwenyewe anaposema. Aliona katika mistari ya mwisho kwamba Mungu anamwahidi mtu anayeshikamana naye kwa upendo kuwa pamoja naye katika taabu. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Kumbe taabu imo." Ndiyo, imo ndani ya zaburi yenyewe.

Kisha tulizungumza naye juu ya kazi. Kushikamana na Mungu katika shimo la dhahabu ni kitu gani? Tulikubaliana mambo machache. Asishuke baada ya mvua kubwa, wakati kuta za shimo zimelegea, hata mwenye shimo akimhimiza, kwa kuwa kufanya hivyo ni kujitupa kutoka juu ya mnara. Asimwibie mwenzake gramu. Mama yake apate sehemu ya kila alichopata. Jumapili, mahali pasipo na padri, atafute wengine wawili watatu wasome Injili ya siku hiyo. Hakushona karatasi. Aliinakili zaburi katika daftari.

Aliporudi nyumbani kwa Noeli alitusimulia yaliyompata. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, alikataa kushuka. Mwenye shimo alimwita mwoga, wenzake wakacheka, wakashuka bila yeye. Shimo halikuporomoka. Wenzake walipanda na dhahabu, naye hakupata kitu siku hiyo. Alituuliza kama alifanya ujinga. Tulimjibu kwamba hakufanya ujinga. Alikuwa amekataa kumjaribu Mungu kwa uhai aliopewa naye, na tendo hilo lilikuwa jema asubuhi ile kabla yeyote hajajua kama kuta zingeshika. Vijana wapendwa, anayemtegemea Mungu ili kila mara aonekane mshindi atachoka upesi. Kuna siku utatii Neno na kurudi nyumbani mikono mitupu, huku aliyelidharau akinunua pikipiki.

Na mama mwenye mtoto wa homa? Kwake tunasoma kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38. Huko mgonjwa anaambiwa asali kwa Bwana, kisha ampe mganga wa dawa nafasi yake, kwa kuwa huyo naye ameumbwa na Bwana, na dawa Bwana amezitoa katika ardhi. Neno linamwamuru asali na pia aende. Kwa hiyo tunasali naye kwa ufupi, na jumuiya inamtafutia baiskeli ya kumfikisha kwenye kituo cha afya kabla ya usiku, maana malaria haimngojei mtoto. Anayewaambia wazazi kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani anawasomea Zaburi ya 91 kama alivyoisoma yule wa jangwani.

Na mwanafunzi wa mtihani? Alete kalamu yake ibarikiwe, hatukatazi. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kalamu iliyobarikiwa huandika kile ambacho mkono ulijifunza. Tena baraka hiyo inamwomba asinunue majibu, hata kama darasa zima limechanga fedha za kuyanunua.

Neno lililo ndani ya mtu

Katika miaka ya vita, watu wa vijiji vyetu walikimbilia msituni mara nyingi, wakibeba sufuria, mkeka na mbegu. Vitabu vilibaki na kuungua. Tulikuwa na mama mmoja wa jumuiya yetu ambaye hakujua kusoma. Alikuwa amejifunza Zaburi ya 23 kwa moyo alipokuwa mkatekumeni, na kila jioni aliisema polepole gizani, nasi tukairudia kwa sauti ya chini ili tusisikike mbali. Usiku mmoja ilitufikia familia ambayo si ya kabila letu wala ya Kanisa letu. Mama yule alikuwa na unga wa muhogo wa siku mbili, akaugawa katikati. Baadhi yetu tulinung'unika. Alituuliza: "Mchungaji tunayemtaja kila jioni, hawa si kondoo wake?" Hakuna aliyemjibu. Tulikula kidogo, nao wakala kidogo. Mama yule hakuwa na Biblia mkononi, lakini Biblia ilikuwa imeushika mkono wake.

Kitabu cha Methali, sura ya tatu, kinatushauri kuyafunga mafundisho ya Mungu shingoni, na papo hapo kuyaandika katika moyo. Yaliyo moyoni hayalowi mvua wala hayaungui na nyumba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum ya tarehe 18 Novemba 1965, uliwahimiza waamini wote, si mapadri na watawa peke yao, kuyasoma Maandiko mara kwa mara, na kusali wanapoyasoma. Tangu mwaka 2019, Papa Fransisko alitupatia pia Dominika ya Neno la Mungu, Dominika ya tatu ya kipindi cha kawaida.

Kwa vikundi vyenu, iko njia ya hatua saba iliyotoka katika taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ambayo jumuiya nyingi za Afrika huitumia. Tunamkaribisha Bwana kwa sala. Tunasoma somo. Kila mmoja anachagua neno au fungu fupi na kulitamka kwa sala. Tunakaa kimya. Tunashirikishana yaliyotugusa. Tunaamua kazi ya kufanya. Tunamaliza kwa sala za kila mmoja. Tumeona vikundi vingi vikiziheshimu hatua zote isipokuwa ya sita. Saa inakuwa imekwenda, watu wanataka kwenda nyumbani, na kazi ya kufanya inaachwa. Tunawasihi msiiache. Hatua ya sita ndiyo mahali Neno linapotoka kitabuni na kwenda kwa mjane ambaye paa lake linavuja, kwa kijana aliyegombana na baba yake, kwa deni ambalo halijalipwa. Ikibidi, fupisheni hatua nyingine.

Kila juma mjifunze pia mstari mmoja kwa moyo, kila mtu kwa lugha anayoiota usiku, iwe Kiswahili, Kibangubangu, Kizimba au Kikusu. Baada ya mwaka mtakuwa na mistari zaidi ya hamsini ambayo hakuna mtu awezaye kuwanyang'anya njiani.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni vitu gani vitakatifu ambavyo sisi vijana wa parokia hii tunavitumia kama hirizi? Tufanye nini ili tuvirudishie heshima yake?

2. Someni Zaburi ya 91 yote, polepole. Ni wapi inaahidi kwamba taabu haitakuwapo, na ni wapi inaahidi kwamba Mungu atakuwapo katika taabu?

3. Ni lini umelitii Neno na kupata hasara? Ni nani alikuwa upande wako siku hiyo?

4. Kuna mwenzetu gani aliye machimboni, njiani au mgonjwani ambaye kikundi kinaweza kumtembelea au kumtumia salamu kabla ya mkutano ujao? Nani atakwenda, na siku gani?

Mungu Baba yetu, aliyekuwa pamoja na Isidori katika maumivu yake na pamoja na watu wetu msituni, awashike ninyi mnaofanya kazi, mnaosoma na mnaosafiri katika Kasongo, Kabambare na popote mlipo. Awape kulisikia Neno la Mwanae na kulifanya. Amina.